Mshono wa Mama Makaa

Wifi yangu alikuwa na ugonjwa mmoja: hawezi kuona nguo iliyochanika akaipita. Kifungo kikilegea, ukosi ukifumuka, pindo likishuka, mikono inamwasha. Siku tunamzika baba yangu, watu wanalia, mimi nimejitupa chini, nikahisi mtu ananivuta ubavuni. Kumbe ni yeye, sindano mdomoni. "Lia tu, wifi, lakini usiinue mkono, gauni limeachia." Akanishona huku nalia. Sasa niambie, mtu wa namna hiyo utamfanya nini?

Mwanzoni hatukupatana. Mawifi mnatujua. Kaka yangu alipomleta nyumbani nilimkagua kuanzia utosini mpaka kisiginoni, kisha nikamwambia mama, "Mwanao ameoa cherehani." Na kweli alikuja na cherehani, sanduku la nguo na kopo la vifungo, basi. Kaka alikuwa mwalimu wa hesabu, mpole mpaka anaudhi, mtu wa kuvaa shati wiki nzima asijue lina wino mgongoni. Yule mwanamke akamshika akamnyoosha. Haukupita muda kaka yangu akawa anatoka nyumbani amepigwa pasi kama bwana harusi, nami nikakosa la kusema. Kunikosesha mimi la kusema si kazi ndogo.

Cherehani aliiweka kwenye dirisha la mbele, linalotazama barabara. Ukipita umechanika, anakuita. "Wewe! Njoo hapa! Usipoziba ufa utajenga ukuta." Watoto wa shule walijifunza kupita upande wa pili mbio, vitabu vimefunika makalio.

Kisha vita. Vita sitavisimulia. Waliovipigana ndio wanaovisimulia, tena kwa sauti kubwa. Sisi wengine tuna siku yetu moja tu. Siku yetu, malori yalifunga stendi asubuhi, na wanaume wote waliokuwa pale wakapakiwa. Kaka alikuwa amekwenda kupokea mzigo wa chaki. Chaki! Mpaka leo nikiona chaki natamani kuikanyaga.

Katika malori hayohayo alipakiwa Redio. Redio alikuwa mtoto wa pekee wa Mama Makaa, muuza makaa wa mtaa wetu. Tulimwita Redio kwa sababu akiamka anafunguka, na hazimwi mpaka alale. Atakuletea gunia la makaa mgongoni huku anakusimulia ndoto yake, mpira wa jana na ugomvi wa majirani wa nyumba ya tatu, na ukimlipa bado hajamaliza. Mama yake alikuwa akimwambia, "Punguza sauti, mwanangu, betri zitaisha." Baada ya siku ile ya stendi, mtaa ulikuwa kimya mno. Mama Makaa alikuwa akisema kimya kile kinamuumiza masikio.

Watu walisema wanaume wale walifungiwa kwanza kwenye ghala moja nje ya mji, ghala la magunia matupu, siku kadhaa. Baada ya hapo hakuna aliyesema kitu. Mwenye maiti huzika, akalia, akanyamaza. Sisi hatukuwa na pa kulilia. Wifi aliendelea kupiga pasi mashati ya kaka kila Jumamosi na kuyatundika. Mimi nilimwambia aache. Akaniambia, "Akirudi avae nini, wifi, avae maneno yako?"

Ikapita miaka, vita vikasainiwa vimekwisha, na watu wa haki za binadamu wakaja na magari meupe. Mimi sikuwaamini, nasema wazi. Magari meupe nimeyaona mengi. Yanakuja, yanauliza, yanaandika, vumbi lao linatua, nasi tuko palepale. Lakini hawa walikuwa na majembe. Walisema mataifa ya nje yamechanga ili kila aliyetupwa shimoni atolewe, ajulikane kwa jina, arudishiwe watu wake, na waliomtupa wafikishwe mahakamani. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mgeni, mtaalamu wa mifupa, mwembamba, kofia haimtoki. Tulimwita Daktari. Alikuwa amejifunza lugha yetu njiani, anasema "pole" kwa kila mtu, nafikiri hata kwa mbuzi. Nilimcheka mpaka siku aliposema kwamba kwao pia vita vilipita, na baba yake mdogo alitolewa kwenye shimo kama haya, na aliyemtambua alikuwa yeye. Tangu hapo sikumcheka tena.

Mashimo yalipofunguliwa ilibidi nguo zifuliwe, ili familia zije zitazame. Mifupa haina uso, jamani. Mama hawezi kujua mfupa, lakini nguo anaijua. Wakatafuta mfuaji, na hakuna aliyetaka. Wifi akaenda kujiandikisha bila kumwambia mtu.

Nilimfuata hadi jikoni. "Una wazimu? Utafua nguo za maiti, kisha uje utushikie vyombo humu?"

Alimaliza kusuuza sufuria. "Nimemfulia kaka yako miaka yote," akasema. "Kama yumo mle, hata ile ya mwisho nitaifua mimi. Sitaki afuliwe na mtu baki."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nililia huko peke yangu, kwa sababu mbele yake sikutaka.

Kazi yenyewe ilikuwa nyuma ya ghala la zamani la mbolea walilopewa hawa wageni. Uani kulikuwa na mabeseni, bomba la maji, miswaki ya kusugulia tope taratibu, na kamba za kuanikia zilizofunikwa turubai. Ndani kulikuwa na meza ndefu. Sheria ya Daktari ilikuwa fupi: usiongeze, usipunguze. Nguo ikiwa na tundu, liache. Ikiwa imechanika, iache. Daktari alimwambia, "Tundu ni shahidi. Ukiziba tundu, umemziba shahidi mdomo." Wifi akaapa.

Hebu fikiria kiapo hicho kwa mtu kama yule. Ni kumweka mlevi alinde baa. Mchana kutwa anashika nguo zilizotoboka na haruhusiwi kugusa sindano, kisha anarudi nyumbani mikono imejaa hamu. Alishona mapazia yetu. Alishona foronya, taulo, mfuko wa kwendea sokoni. Nilipomkuta anashona dekio, nilimwambia, "Wifi, hilo ni la kufutia sakafu." Akasema, "Nalo lina haki yake." Tukacheka. Kilikuwa kicheko chetu cha kwanza baada ya muda mrefu.

Kaka hakuonekana. Kila shimo likifunguliwa tulikuwa tunashikana mikono, na kila mara hakuwamo.

Sasa nifike kwenye shati. Mwaka wa mwisho kabla ya vita, mfanyabiashara mmoja alileta mjini shehena ya mashati ya drafti ya buluu. Nusu ya vijana waliyanunua. Ukipita stendi ungedhani ni timu ya mpira. Kwenye shimo la mwisho yalitoka manne. La nne, wifi alipolisugua tope likatoka, akaona kiwiko cha kulia kimeshonwa kwa uzi wa nailoni wa kijani, uzi wa magunia, mishono mikubwa imepinda huku na kule.

Alichokifikiria aliniambia mwenyewe baadaye. Alifikiria lile ghala la magunia. Aliona kijana amefungiwa mle, kiwiko kimechanika, na mtu amemshona kwa kinachopatikana, au wale walinzi wamemshona kwa dhihaka. Mtoto wa watu ameshonwa kama gunia. Moyo ukamchemka. Akajiambia, hili si tundu la risasi, si shahidi wa chochote, ni mshono tu, na ni aibu, na mama yake atakuja kuliona hivi. Daktari alikuwa shimoni. Wifi akachukua mkasi mdogo, akafumua ule uzi wa kijani wote, akautupa kwenye pipa la takataka. Kisha akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akakishona kiwiko kwa uzi wa buluu, mishono midogo midogo, ukipitisha jicho huioni. Alisema alikuwa anamwimbia kijana huyo huku anashona. Picha zilikuwa zimepigwa kabla ya kufua, lakini kwenye picha kulikuwa na tope tupu.

Siku ya kutazama ilitangazwa. Mimi nilikwenda na Mama Makaa, maana macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu na mtu wa kumshika mkono hakuwa naye. Mlangoni, karani alimuuliza mwanawe alivaa nini siku ile.

"Shati la drafti," akasema.

"Lilikuwa na alama yoyote, mama?"

"Nikiiona mwenyewe nitaijua."

"Ukituambia mapema tutakusaidia."

"Mwanangu, nikuambie alama zake kama za ng'ombe aliyepotea? Mimi namtafuta mtu hai. Nimekuja kuhakikisha hayumo." Hata mate walipotaka kumchukua kwa kijiti, ya kupeleka ng'ambo yalinganishwe na mifupa, alifunga mdomo. Mate yake si ya kutafutia maiti, alisema.

Tukaingia. Sitaki kuyaeleza sana yale yaliyokuwa mle. Meza zimetandikwa karatasi nyeupe, nguo zimenyooshwa kama watu waliolala, kila moja ina namba. Hairuhusiwi kugusa. Mwanamke mmoja mbele yetu aliona sweta, akaita jina, akakaa chini sakafuni. Mimi nilitazama kila suruali, kila mkanda, nikimtafuta kaka. Sikumwona, na sijui nilifurahi au niliumia, naona vyote.

Kwenye mashati ya drafti Mama Makaa aliinama mpaka pua ikakaribia kitambaa. Alikagua viwiko. La kwanza, la pili, la tatu. La nne alilitazama muda mrefu kidogo, kisha akanyanyuka, akavuta pumzi, akanishika mkono kwa nguvu. "Twende."

Tulipotoka uani akapiga kigelegele. Lo! Pale pale, katikati ya watu waliofiwa upya, mwanamke anapiga kigelegele. Watu wakageuka. Nikaona haya, nikaona na wivu, nikataka kumziba mdomo. "Hayumo!" akasema. "Hayumo, nimekagua! La mwanangu ningelijua hata gizani. Nilimshonea kiwiko mwenyewe, kwa shazia, ile sindano yangu nene ya magunia, maana sindano ndogo sioni tundu lake. Uzi wa kijani. Alinicheka huyo! Akasema, 'Mama, umenishona kama gunia, utaniuza bei gani?' Akalivaa hivyohivyo, akaenda stendi. Hayumo, mwanangu! Yuko hai mahali!"

Wifi alikuwa amesimama karibu na bomba, amebeba trei ya glasi za maji ya kuwapa wageni. Hakuiangusha. Aliiweka chini taratibu, akatazama mikono yake.

Nyumbani hakula. Nilidhani ni uchovu. Nikamtania, "Umeishiwa madekio?" Akanitazama, na ndipo akaniambia yote, ameketi kwenye kiti cha cherehani, mgongo ameupa dirisha.

Mimi hasira zangu ni za karibu. Nilisema, "Basi nyamaza! Mwache mwanamke wa watu na furaha yake. Umeshafanya kosa, usiongeze la pili. Ana nini duniani zaidi ya huyo mtoto?"

"Mradi unafungwa mwisho wa mwezi," akasema. Hilo lilikuwa kweli. Wafadhili walikuwa wameandika kwamba kuna vita vingine, vipya, na fedha zinakwenda huko. Kumbe hata huruma ina bajeti. "Ambaye hajapata mwenyewe atazikwa kwa namba. Watamwaga zege, wifi. Na mama huyo ataendelea kumsubiri mpaka anaingia kaburini, na mwanawe amelala kilomita chache kutoka mlangoni pake kwa sababu yangu."

"Sasa anafurahi."

"Angekuwa kaka yako, na kuna mwanamke mahali anajua, ungetaka anyamaze?"

Ningemtafuta mwanamke huyo nikamtoa macho. Nikamwambia, "Kesho nitakwenda na wewe."

Alianza kwa Daktari. Nilikuwepo. Daktari alivua kofia, kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona.

"Nilikuambia nini?"

"Nisiongeze, nisipunguze."

"Na wewe?"

"Nimeongeza, na nimepunguza."

Daktari alisema kwamba wifi hawezi kuendelea na kazi, kwamba atalazimika kuandika kosa hilo, na mawakili wa waliofanya haya watalishikilia: wataiambia mahakama kwamba hizi nguo zimechezewa. Alisema bila kufoka, na ingekuwa nafuu angefoka. Kisha akasema, kwa kile Kiswahili chake cha kuokoteza, "Pole, mama. Lakini mama wa kijana lazima akubali. Bila mate yake, mimi sina kitu." Wifi akavua glavu, akazikunja, akaziweka mezani.

Tulipofika kwa Mama Makaa tulimkuta anapaka chokaa chumba cha Redio. Amejifunga kitambaa kichwani, mikono myeupe, yeye ambaye mikono yake tangu nimjue ni myeusi kwa makaa. Kitandani ametandika shuka jipya. Redio ndogo ya kijana ilikuwa dirishani, ametia betri mpya, inaimba. "Karibuni, karibuni! Akija asikute uchafu."

Mwenzangu wee, nilitamani ardhi inimeze. Wifi hakuzunguka. Alipiga magoti kwenye sakafu yenye chokaa, akamwambia. Shati la nne. Uzi wa kijani. Kwamba aliufumua yeye.

Mama Makaa alisikiliza mpaka mwisho, brashi mkononi inadondosha chokaa mguuni.

"Uzi wangu uko wapi?"

"Niliutupa, mama."

"Nionyeshe uzi wangu."

"Sina, mama. Takataka zimeshachomwa."

"Basi si lake." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Mnataka kufunga kazi yenu mwondoke, mmebakiwa na maiti ya watu, mnaibandika kwangu kwa kuwa sina mume wala ndugu wa kunisemea. Mwanangu hakuvaa shati lililoshonwa vizuri. Nendeni."

"Mama..."

"Toka nyumbani kwangu, wewe mwanamke! Wewe wako hujampata, ndiyo maana hutaki wangu awe hai!" Akamrushia brashi. Ilimpiga wifi begani. Hakuinua hata mkono kujikinga. Nami, ambaye kwa neno dogo kuliko hilo nimepigana na watu sokoni, nilisimama tu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ningemwambia nini?

Tulipofika nyumbani, wifi alichukua gauni lake la zamani akafumua mshono wake mmoja, akalishika dirishani dhidi ya mwanga. Akaita, "Wifi! Njoo uone." Kitambaa kinapofumuliwa, njia ya sindano hubaki. Mimi niliona vitundu vidogo kama vya nondo. "Hii ni sindano yangu nyembamba," akasema. "Yeye alitumia shazia. Na nailoni ilikaa mle miaka. Matundu yake yapo. Mimi nilishona juu yake kuyaficha. Nikifumua mshono wangu, wake utatokea."

"Macho yake hayaoni vizuri."

"Vidole vyake vimeshona magunia tangu ujana wake."

Siku mbili Mama Makaa hakutufungulia. Siku iliyofuata nilikwenda peke yangu, nikasimama nje ya dirisha, nikatumia ulimi wangu kwa kazi nzuri mara moja maishani. "Mama, njoo uthibitishe si lake. Njoo ututukane hukohuko mbele ya Daktari, na mimi nitakusaidia kutukana. Kama si lake, nitakuja kupaka chokaa na wewe." Akatoka. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, kifua mbele, kama anayekwenda kushinda kesi.

Ghala lilikuwa tupu. Meza nyingi zilishakunjwa na masanduku yamepangwa mlangoni. Shati lilikuwa peke yake kwenye karatasi. Daktari alipiga picha, akampa wifi mkasi mdogo, akasema sheria ni ileile, uzi wako tu, usiguse kingine. Wifi akafumua kazi yake mshono mmoja mmoja. Kazi nzuri vile, na aliitoa yote. Akaweka mkasi chini, akarudi nyuma hadi ukutani.

Mama Makaa alipewa glavu. Akazivua. Daktari akataka kusema kitu, akaacha.

Aliweka kidole cha shahada kwenye kiwiko kama anayejaribu kama pasi imepoa. "Si langu," akasema. Kidole kikasogea. Kikasimama. Kikarudi kidogo, kikasogea tena, kikapanda kulia pale mishono ilipopinda, kikashuka. Alikuwa amefumba macho.

"Hapa nilikosea," akasema, "nikarudi."

Daktari akasogea karibu.

"Hapa alinichekesha, nikajichoma." Kidole kikaendelea. "Hapa uzi uliniishia. Nikamwambia, ngoja nikate mwingine, akasema, 'Acha, mama, gari litaniacha.'" Kidole kikafika mwisho wa matundu, palipobaki mpasuko mdogo ambao hakuwahi kuuziba, na kikakaa hapo. "Sikumaliza," akasema. "Redio, mwanangu, sikukumalizia."

Kisha akalala juu ya lile shati kifudifudi, na sauti iliyotoka sitaieleza. Wifi aliteleza kwenye ukuta mpaka chini. Daktari alisimama ameshika kofia yake kwa mikono miwili, hakusema hata pole.

Mate yalichukuliwa siku hiyo, na majibu yalipokuja yalisema kile kidole kilichokwisha kusema. Mradi ulifungwa kama walivyoahidi. Waliobaki bila wenyewe walizikwa kwa namba. Kesi inaendelea, tunaambiwa, mahali fulani mbali, kwa lugha nyingine. Kaka yangu hatujampata. Mashati yake bado yanapigwa pasi Jumamosi, na sasa mimi ndiye ninayeyanyunyizia maji.

Redio alirudishwa nyumbani pamoja na shati lake, Daktari ameshamaliza nalo, akalazwa katika kile chumba chenye chokaa mpya. Asubuhi ya kumzika, Mama Makaa alituma mtu: wifi aende, na mimi. Tulimkuta amekaa kitandani, shati mapajani, shazia mkononi na uzi wa kijani. Alikuwa anajaribu kutunga, unapita pembeni, anajaribu tena.

"Nitungie," akamwambia wifi.

Wifi akatunga, akafunga kifundo, akampa. Mama Makaa akaanza kushona kiwiko, kwa kufuata matundu yaleyale ya zamani. Mshono mmoja mkubwa, mwingine umepinda, mwingine umeruka. Nilimwona wifi vidole vinamcheza.

"Usinirekebishe," Mama Makaa akasema bila kuinua kichwa.

"Sikurekebishi, mama."

Akakaa sakafuni, akaiweka mikono yake yote miwili chini ya mapaja, akaikalia mpaka mama alipomaliza.